SAYANSI: Unga wa losheni unaoona miale tusiyoiona

WAZAZI wengi humu nchini wanaijua vyema losheni ile ya rangi ya waridi ambayo hupakwa mtoto aliyeshikwa na tetekuwanga ili kumpunguzia mwasho. Ikishakauka, huacha vumbi jepesi ngozini, na mtoto hushinda nyumbani akiwa na madoa mwili mzima.

Kiungo kikuu cha losheni hiyo ni unga mweupe uitwao oksidi ya zinki. Rangi ya waridi hutokana na chembe kidogo tu za oksidi ya chuma ambazo huchanganywa nao.

Unga huo huo umo katika malai ya kuwapaka watoto wachanga wanaochubuliwa na nepi, katika mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua, na katika baadhi ya mbolea. Wanaoutumia kwa wingi zaidi duniani ni watengenezaji wa mpira, hasa matairi ya magari.

Hata hivyo, kwa miaka mingi sasa wanafizikia wamekuwa wakiushughulikia unga huu kwa sababu nyingine kabisa. Oksidi ya zinki ina uwezo wa kuhisi miale ya jua ambayo macho ya binadamu hayaioni, na kuitangaza miale hiyo kwa njia ya umeme. Kwa maneno mengine, unaweza kuufanya kuwa jicho.

Swali ambalo halijapatiwa jibu kamili ni iwapo jicho hilo, ambalo ni kali na la bei nafuu, linaweza kuaminiwa. Kwa nchi zilizo kwenye ikweta kama Kenya, swali hili linawahusu mtoto mwenye ualbino anayetembea kwenda shuleni na mama anayeanika chupa za maji ya kunywa juu ya paa la mabati.

Miale iliyojificha

Miale inayozungumziwa hapa ni ile ya urujuanimno. Iligunduliwa mwaka 1801 katika mji wa Jena, Ujerumani, na Johann Wilhelm Ritter.

Mwanasayansi huyo aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo hadi ukatoa rangi za upinde wa mvua. Kisha akaweka kloridi ya fedha, kemikali ambayo hugeuka nyeusi inapopigwa na mwanga, katika kila rangi. Alishangaa kuona kwamba ilipowekwa ng'ambo ya rangi ya urujuani, mahali ambapo macho yake hayakuona chochote, iligeuka nyeusi upesi zaidi.

Wataalamu huigawa miale hii katika makundi matatu kwa kutumia urefu wa wimbi lake, ambao hupimwa kwa nanometa. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni moja ya milimita.

Kundi A lina mawimbi ya kati ya nanometa 315 na 400, kundi B ni kati ya 280 na 315, na kundi C ni yale yaliyo mafupi kuliko 280. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo nguvu zake zinavyozidi.

Tabaka la ozoni angani huizuia miale yote ya kundi C inayotoka kwenye jua na sehemu kubwa ya ile ya kundi B. Takriban asilimia 95 ya miale ya urujuanimno inayofika ardhini huwa ya kundi A.

Hiyo iliyosalia ya kundi B, ijapokuwa ni kidogo, ndiyo huunguza ngozi kwa haraka. Makundi yote mawili huchangia saratani ya ngozi, na mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiorodhesha miale ya urujuanimno miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya ugonjwa huo. Aidha, miale hii huchangia mtoto wa jicho.

Baridi haikingi

Tatizo ni kwamba mwili wa binadamu hauna kiungo cha kuihisi miale hii inapoingia. Joto tunalolisikia juani hutokana na mwanga wa kawaida na miale ya aina nyingine.

Mtu anaweza kuwa katika nyanda za juu asubuhi yenye baridi, sweta mwilini, akadhani kwamba jua la siku hiyo ni la upole. Ukweli ni kuwa miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu.

Mawingu mepesi nayo hayasaidii sana, kwani Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya asilimia 90 ya miale hii huweza kupenya ndani yake.

Ili kuwatahadharisha watu, wataalamu nchini Canada walianzisha mwaka 1992 kiashiria cha urujuanimno, ambacho baadaye kilikubaliwa na WHO na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kiwango cha 3 kwenda juu humtaka mtu ajikinge, na kile cha 11 kwenda juu huitwa cha hatari iliyokithiri. Katika maeneo ya ikweta, ambako jua la adhuhuri huwa karibu utosini, kiwango hicho cha 11 ni jambo la kawaida.

Wanaoathirika zaidi ni watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina upungufu wa melanini, rangi asilia inayowakinga wengine. Sensa ya mwaka 2019, ambayo ilikuwa ya kwanza kuwahesabu humu nchini, ilipata watu 9,729.

Kwa mtu kama huyo, kujua ni saa ngapi hasa jua la mahali alipo limekuwa kali ni suala la uhai. Nambari iliyokadiriwa kwa ajili ya mji mkuu haimfai anayeishi kijiji cha mlimani. Anachohitaji ni kipimo anachoweza kuwa nacho mkononi.

Mbuzi na ua

Vifaa vingi vya kuhisi mwanga, vikiwemo vile vya kamera za simu, hutengenezwa kwa silikoni. Silikoni ni semikondakta, yaani kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuuzuia kabisa kama mbao.

Ili kufahamu semikondakta inavyofanya kazi, msomaji na awaze zizi la mbuzi lililozungukwa na ua. Mbuzi ni elektroni, chembe ndogo zinazobeba umeme. Zikiwa ndani ya zizi hazitembei popote, na umeme haupiti.

Mwanga nao huja kwa vipande vidogo viitwavyo fotoni. Kila fotoni humpa mbuzi mmoja msukumo mmoja. Msukumo ukitosha, mbuzi huruka ua na kwenda malishoni, na hapo umeme huanza kupita. Usipotosha, mbuzi hubaki pale pale, hata isukume mara elfu.

Ua wa silikoni ni mfupi. Kwa kipimo kiitwacho elektroni-volti, urefu wake ni 1.12 pekee. Fotoni za mwanga mwekundu zina nguvu za karibu 1.8 na za urujuani takriban 3.1, kwa hivyo mwanga wote tunaouona huwarusha mbuzi wa silikoni bila shida.

Matokeo yake ni kwamba silikoni huona kila kitu. Anayetaka iuone urujuanimno peke yake hulazimika kuifunika kwa vichujio vya kuzuia mwanga mwingine, jambo ambalo huongeza gharama, na vichujio vyenyewe huweza kuchakaa kwa kukaa juani.

Ua wa oksidi ya zinki, kwa upande mwingine, una urefu wa takriban 3.37. Hakuna rangi yoyote inayoonekana kwa macho ambayo ina nguvu za kuuruka. Ni fotoni zenye wimbi fupi kuliko nanometa 368 hivi tu zinazoweza, na hizo zote ni za urujuanimno.

Ndiyo maana unga huu ni mweupe: huuachilia mwanga wa kawaida na kuutawanya bila kuumeza. Ndiyo maana pia hufaa katika mafuta ya kukinga jua, kwa kuwa huimeza miale ya urujuanimno kabla haijafika kwenye ngozi. Sifa inayoufanya kuwa ngao ndiyo hiyo hiyo inayoufanya kuwa jicho.

Siri ya oksijeni

Lau mambo yangekuwa mepesi kiasi hicho, makala haya yangeishia hapo. Lakini oksidi ya zinki ina tabia nyingine, na ndiyo kiini cha sifa zake na lawama zake.

Kwa kawaida, unga huu huwa na elektroni chache za ziada zinazorandaranda ndani yake hata gizani. Ukiwa wazi hewani, molekuli za oksijeni hujibandika kwenye uso wake na kila moja hunyakua elektroni. Uso wote hubaki na ukanda uliokaushwa elektroni, na umeme hupita kwa taabu.

Miale ya urujuanimno inapoupiga, elektroni huruka ua na kuacha nyuma mapengo. Mapengo hayo, ambayo hutenda kama chembe zenye chaji chanya, huvutwa hadi usoni na kukutana na oksijeni iliyokuwa imenyakua elektroni. Oksijeni hupoteza chaji yake, hubanduka, na kurudi hewani.

Hapo elektroni iliyorushwa na mwale hujikuta haina pengo la kurudi. Huendelea kuzunguka katika mkondo wa umeme tena na tena. Fotoni moja huweza hivyo kuleta mpito wa elektroni nyingi mno, na mwale hafifu ukatoa ishara kubwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1957 mtafiti D. A. Melnick alichapisha maelezo ya kina kuhusu namna oksijeni inavyotawala upitishaji umeme wa oksidi ya zinki inapomulikwa.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1954, kampuni ya RCA ya Marekani ilikuwa imetangaza mbinu ya kunakili hati iliyoitwa Electrofax, ambayo ilitumia karatasi zilizopakwa oksidi ya zinki. Karatasi ilitiwa chaji ya umeme gizani, kisha ikamulikwa kwa picha ya hati. Palipopata mwanga palipoteza chaji, na palipobaki gizani palishika wino wa unga.

Lakini wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Mwanga ukizimwa, umeme haukatiki papo hapo. Ni lazima kwanza oksijeni irudi kutoka hewani, ijibandike upya, na kunyakua elektroni moja baada ya nyingine. Shughuli hiyo huweza kuchukua sekunde, dakika na hata saa kadhaa, ikitegemea hewa, joto na jinsi fuwele ilivyotengenezwa.

Jicho hili, basi, huona upesi na kusahau polepole. Wingu likilifunika jua, huweza kuendelea kudai kwamba jua bado linawaka.

Nyuzi nyembamba kuliko unywele

Hamu ya watafiti ilifufuka upya mwanzoni mwa karne hii, walipojifunza kuotesha oksidi ya zinki kama nyuzi nyembamba mno zenye unene wa nanometa makumi au mamia machache. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa.

Mantiki yake ni rahisi. Iwapo kazi yote hufanyika usoni, basi umbo bora ni lile ambalo karibu lote ni uso.

Mwaka 2002, kundi la Peidong Yang katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilitangaza kwamba uzi mmoja wa aina hiyo, ulipomulikwa kwa miale ya nanometa 365, ulipunguza ukinzani wake wa umeme kati ya mara elfu kumi na mara milioni moja. Watafiti walipendekeza utumike kama swichi inayowashwa na kuzimwa kwa mwanga.

Mwaka 2007, wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kuwa mwale hukuzwa sana ndani ya nyuzi hizi, kiasi cha fotoni moja kuleta mpito wa elektroni hadi milioni mia moja.

Pengine habari njema zaidi kwa mataifa yasiyo na fedha nyingi ilihusu namna ya kuzitengeneza. Mwaka 2003, Lionel Vayssieres alieleza jinsi ya kuotesha misitu ya vijiti hivi ndani ya maji yenye chumvi ya zinki na kemikali iitwayo heksamini, katika joto lisilofika nyuzi 100 za selsiasi.

Linganisha hilo na nitridi ya galiamu, mshindani mkuu wa oksidi ya zinki, ambayo huoteshwa kwa gesi katika mitambo ya gharama kubwa inayofikia joto la takriban nyuzi 1,000. Galiamu yenyewe ni adimu kuliko zinki. Maabara ya chuo kikuu yenye jiko la kukaushia, kemikali za kawaida na vipande vya kioo inaweza kuanza utafiti wa oksidi ya zinki bila kungoja msaada wa mabilioni.

Kikwazo cha upande mmoja

Mbona basi vifaa vya namna hii havijajaa madukani? Sababu ya kwanza ni huo usahaulifu wa polepole. Sababu ya pili ni ya ndani zaidi.

Vitambuzi vya mwanga vyenye kasi hutengenezwa kwa kuunganisha semikondakta za aina mbili: moja yenye ziada ya elektroni, na nyingine yenye ziada ya mapengo. Mahali zinapokutana hujengeka msukumo wa umeme ambao hutenganisha elektroni na mapengo mara moja. Kifaa huitika na kunyamaza kwa muda mfupi sana, na huweza kufanya kazi bila betri.

Oksidi ya zinki hujitengeneza yenyewe kuwa ya aina ya kwanza. Kuibadilisha iwe ya aina ya pili kumewatoa watafiti jasho kwa miongo mingi. Kila wanapotia kemikali ya kuzalisha mapengo, kasoro ndani ya fuwele huzalisha elektroni za kuyaziba.

Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa upungufu wa oksijeni ndani ya fuwele. Mwaka 2000, mwanafizikia Chris Van de Walle alionyesha kwa hesabu kwamba hata haidrojeni, ambayo ni vigumu kuizuia isiingie wakati wa utengenezaji, huongeza elektroni katika oksidi ya zinki.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, Japani, walitangaza kuwa wamefaulu kwa kutumia nitrojeni, na wakaunda diodi iliyotoa mwanga. Matumaini yalipanda. Hata hivyo, hadi leo hakuna njia ambayo imethibitika kutoa oksidi ya zinki ya aina hiyo iliyo imara, na ambayo maabara yoyote inaweza kuirudia kwa uhakika.

Wanaoishabikia oksidi ya zinki hukumbusha kwamba nitridi ya galiamu nayo ilidhaniwa kuwa na ugonjwa huo huo usiotibika. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano waliutibu mwaka 1989, na baadaye Shuji Nakamura akagundua kuwa haidrojeni ilikuwa miongoni mwa wahalifu. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa taa za buluu zilizotokana na kazi hiyo.

Kwa sasa, wengi hukwepa kikwazo hiki. Wapo wanaoigusanisha oksidi ya zinki na metali kama dhahabu au platini, ambapo mpaka wa vitu hivyo viwili hutoa msukumo unaohitajika. Wengine huiunganisha na semikondakta nyingine yenye mapengo. Kasi huongezeka, ila ule ukuzaji mkubwa wa ishara hupungua. Ni kama kwamba oksijeni inadai fidia: ukitaka ukali utapewa uvivu, na ukitaka wepesi utapunguziwa ukali.

Unyevu nao huvuruga mambo, kwani molekuli za maji hujibandika kwenye uso huo huo. Kifaa kilichopimwa katika hewa kavu ya maabara huenda kikatoa jibu tofauti Mombasa wakati wa masika. Isitoshe, oksidi ya zinki huyeyuka katika asidi na alkali, hivyo huhitaji kufunikwa. Ukiifunika kabisa, umeizuia oksijeni isiingie wala kutoka.

Si kila urujuanimno ni sawa

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kulitaja. Kiashiria cha urujuanimno hakipimi miale yote kwa usawa. Huipa uzito mkubwa ile ya kundi B, kwa kufuata namna ngozi inavyoungua.

Oksidi ya zinki haina upendeleo kama huo. Humeza kila kitu kilicho chini ya nanometa 368, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachofika ardhini ni kundi A, ndicho hasa inachopima. Nambari inayotoka humo haiwezi kuandikwa kwenye kioo cha kifaa na kuitwa kiashiria cha hatari ya ngozi bila kuwekewa kichujio au kufanyiwa hesabu ya ziada.

Kwa mtu mwenye ualbino, kifaa kinachomwambia kuwa yuko salama ilhali hayuko ni kibaya kuliko kukosa kifaa.

Watafiti wamejaribu kuurefusha ua kwa kuchanganya oksidi ya zinki na ile ya magnesi, ambayo ua wake unafikia takriban 7.8. Mchanganyiko huo huweza kusogeza uwezo wa kuona hadi kwenye mawimbi mafupi zaidi. Lakini miundo ya fuwele zake haifanani: ya zinki ina pembe sita, ya magnesi ni ya mchemraba kama ya chumvi ya mezani. Magnesi ikizidi takriban theluthi moja, viwili hivyo huanza kutengana.

Lengo la mbali la kazi hiyo ni kifaa kinachoona kundi C pekee. Kwa kuwa miale ya kundi hilo haifiki ardhini kutoka kwenye jua, chochote kinachoitoa hapa chini, kama vile ndimi za moto, kingeonekana hata mchana wa jua kali. Kifaa hicho kingekuwa mlinzi wa ghala la mafuta asiyebabaishwa na jua la saa sita.

Chupa juu ya paa

Iwapo kuna mahali ambapo oksidi ya zinki kama ilivyo inakaribiana zaidi na mahitaji yetu, basi ni kwenye maji.

Kutibu maji kwa jua ni mbinu inayotambuliwa na WHO. Maji yasiyo na tope hutiwa katika chupa safi ya plastiki inayopenyeza mwanga na kuwekwa juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo iwapo mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga. Miale ya kundi A, ikisaidiana na joto, huviua viini vingi vinavyosababisha kuhara.

Mbinu hii ilijaribiwa humu nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la The Lancet uliwashirikisha watoto 206 wa jamii ya Wamaasai wa umri wa miaka 5 hadi 16. Baadhi yao waliweka chupa zao juu ya paa mchana kutwa, na wengine wakaziweka ndani ya nyumba. Waliotumia maji ya juani waliugua kuhara kwa kiwango kidogo zaidi.

Ugumu umo katika kuhesabu. Saa sita za anga safi si sawa na saa sita za mawingu yanayokuja na kwenda, na mama mwenye shughuli nyingi hawezi kukaa akiyatazama mawingu. Kampuni ya Helioz ya Austria imetengeneza kifaa kidogo kiitwacho WADI, ambacho huwekwa kando ya chupa, hupima miale ya urujuanimno na kuonyesha uso unaotabasamu maji yakiwa tayari.

Hiyo ndiyo kazi ambayo jicho la oksidi ya zinki lingeifaa kwa bei ya chini zaidi, maana linaiona sehemu kubwa ya miale hiyo ya kundi A. Lakini hapo ndipo kasoro yake inapogeuka kuwa hatari. Jicho lisilotambua kuwa wingu limeingia litaendelea kujumlisha miale isiyokuwapo. Litatabasamu kabla ya wakati, na mtoto atapewa maji yenye viini.

Ndiyo maana wanaoifahamu kazi hii hawavutiwi tena na tangazo kwamba kifaa fulani kina ukali wa mara milioni. Ukali umekuwapo tangu miaka ya hamsini. Maswali ya maana sasa ni matatu: kifaa hunyamaza baada ya muda gani mwanga unapoondoka? Je, jibu lake litakuwa lile lile baada ya mwaka mzima wa jua na mvua? Na limelinganishwa na kipimo gani kinachoaminika?

Maswali hayo si ya California wala Sendai pekee. Yanaweza kujibiwa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha humu nchini mwenye zinki, heksamini, maji moto na subira, huku jua la kujaribia likiwa bure mlangoni mwake mwaka mzima.

Hadi siku hiyo itakapowadia, WHO inapendekeza kipimo ambacho hakihitaji betri wala fuwele. Simama juani, utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, miale ya urujuanimno ni kali, na yafaa utafute kivuli cha mti, uvae kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Katika nchi yetu, kivuli huwa kifupi namna hiyo kwa saa kadhaa kila siku, kuanzia asubuhi hadi alasiri, iwe unasikia joto au baridi.